Matundu Meupe

Mke wangu alikuwa ananing'inia kambani kwa vibanio viwili vya nguo, kati ya shati la bwana mnene na soksi isiyo na mwenzake, miguu kaikunja nne, anasoma gazeti. Waliokuwa wakipita mbele ya studio ya picha walisimama kwenye kioo, wakamtazama, wakaangua kicheko. Hata fundi mmoja aliyebeba bomba refu begani aligeuka kuangalia, na bomba likageuka naye, na watu wote waliokuwa nyuma yake wakainama kwa mkupuo. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, nawasubiri wafike kwenye picha ya mwisho kulia. Hiyo ndiyo iliyonileta. Zile nyingine zote alizitengeneza marehemu mke wangu mwenyewe, na mimi nikamsaidia. Ile ya mwisho niliitengeneza peke yangu, nikawaacha watu waamini ni yake.

Mimi ni mchora vibao. Ukiona mlango wa kinyozi umeandikwa herufi nene zenye kivuli chekundu, huenda ni mkono wangu. Shule niliiacha mapema. Herufi nilizijua kwa maumbo kabla ya kuzijua kwa sauti. Mke wangu alikuwa mpiga pasi katika kampuni ya dobi inayofua shuka za hoteli na hospitali. Miaka na miaka alisimama ndani ya mvuke akiwanyooshea watu vitanda ambavyo hatavilalia. Simu yenye kamera aliirithi kwa binti yetu, ambaye kazi yake ni kuchapisha picha katika hiyo studio. Ndani ya simu mlikuwa na programu ya kukata na kubandika picha. Akaanza kwa kujikata tu, anajitoa ukutani, anajirudisha. Punde si punde nikamkuta kakaa ndani ya kikombe cha chai.

"Mbona umejidogosha hivyo?" nikamuuliza.

"Nimeshuka bei," akasema. "Mambo yamekuwa magumu."

Simu aliisimamisha juu ya makopo yangu ya rangi, akaitega ihesabu yenyewe, kisha akakimbilia mahali pake na kujifanya hajui kama kuna kamera. Baadaye akaja na jambo lake jingine. Akishajiweka anapopataka, alifuta sehemu ya picha kwa ncha ya kidole, akapaacha peupe. Binti alichapisha kwenye karatasi isiyong'aa. Jioni ikifika, au mchana siku akiwahi kurudi, aliiweka mbele yangu mezani na kuniambia neno moja tu: "Jaza."

Sheria ilikuwa hiyo. Nisiulize nini, yeye asichungulie. Alivuta kiti, akanipa mgongo, akaziba macho kwa viganja ingawa tayari alikuwa ametazama ukutani. Mimi na brashi nyembamba ya herufi tukabaki na lile tundu. Kwenye kikombe nilimpa kijiko, kikawa kasia. Siku nyingine alikuja amesimama hewani na pasi mkononi, chini yake peupe kabisa. Nikamchorea tembo. Nusu ya tembo nilimfanya mwenye mikunjo, nusu nyingine laini kama karatasi, kwamba mama huyu kazi yake imefika katikati.

"Bado?" aliuliza.

"Bado."

"Hata sasa?"

"Bado, bibie. Tulia kwenye foleni."

Alipogeuka akamwona tembo, alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kisha kikohozi kikaja. Kile kikohozi mimi nilikichukulia kuwa ni mkia wa kicheko.

Siku za kuwahi zikaongezeka. Aliingia jua likiwa bado ukutani, mkoba begani, uso umechangamka. Leo mashine imekorofisha. Leo umeme. Leo shuka hazijaletwa. Nikasema, kampuni gani hii, kila siku mashine mbovu.

"Ndio wakubwa wako hao," akajibu. Alijua pananiwasha wapi, akanikuna hapo hapo.

Maana mimi na wakubwa hatujawahi kupatana. Mwenye nyumba anadai kodi ya chumba kinachovuja na kusema maji ni baraka. Watu wa halmashauri wananifutia kibao leo kwa kuwa hakina kibali, na kesho wananiita niandike kibao cha ofisi ya vibali. Kwa hiyo mke wangu alipolala na asiamke, na daktari akasema mapafu yalikuwa yamechoka zamani, macho yake yakiwa tayari kwa mgonjwa anayefuata, sikupata shida kujua pa kuanzia. Nilitafuta mkubwa wa kumbebesha. Nikampata Mama Saa.

Huyo ndiye msimamizi wa chumba cha pasi. Walimwita hivyo kwa sababu ya saa ya kiume anayoivaa upande wa ndani wa mkono, kama mtu anayeficha muda usiibwe. Alikuja msibani. Alikaa na wanawake wenzake, na katikati ya kilio nikamwona anageuza mkono, anatazama saa. Nikajisemea, hata hapa anapima. Kisha mpiga pasi mmoja, akitaka kunifariji, akaniambia, "Dada yetu aliteseka, shemeji. Yule mama alikuwa anamgongea meza kila siku, mbele yetu sote." Sikumuuliza alikuwa akimgongea kwa nini. Nilikuwa nimeshiba.

Miezi ikapita. Mwenye studio, kwa hisani yake, akampa binti yetu dirisha zima la mbele atundike picha za mama yake. Tulikaa sebuleni tukizichagua. Katika simu mlikuwa na picha moja ambayo haikuguswa: mama yake ameinama katika chumba cha kuanikia, furushi kubwa la shuka mgongoni, anaichekea kamera kwa chini.

"Hii nayo iwemo," nikasema. "Ifute hapo juu ya furushi. Nitajaza."

Binti akanitazama. "Baba, hii Mama hakuitoboa."

"Aliitoboa kichwani. Alinionyesha akiwa kitandani, akaniambia pa kufuta."

"Wapi hasa?"

"Hapo. Pima vizuri, kona nne."

Alifuta. Nilimdanganya mtoto juu ya mama yake, na simu ya mama yake iko mkononi mwake, na sauti yangu haikukwaruza hata kidogo.

Ndipo nikamchora Mama Saa. Nilimkalisha juu ya furushi, miguu ikimning'inia mke wangu kifuani, na mkononi nikampa saa pana kama sinia. Maisha yangu yote nimechora vinyozi wasiofanana na mtu na watoto wenye vichwa vya maboga, lakini uso ule ulitoka kama ulikuwa unasubiri ndani ya brashi. Nilijua ninachofanya. Katika matundu yote aliyoniachia marehemu sikuwahi kuchora binadamu. Hakunikataza. Ila alikuwa amejiweka mwenyewe mle ndani achekwe, na mtu mwenye akili angeona kuwa mchezo ule haukuwa na kiti cha mtu wa pili. Niliona. Nikachora.

Basi nikawa nimeegemea ukuta, nasubiri. Wapiga pasi walifika baada ya kazi, kundi zima, wananukia sabuni. Walicheka kwa kikombe, wakacheka kwa kamba, wakapigana viwiko kwa tembo. "Angalia, tembo mwenyewe ana kola." Walipofika mwisho, kicheko kikakatika.

"Huyu si Mama Saa?" mmoja akasema.

"Nyamaza, we."

"Ninyamaze nini, na saa yake ile pale. Marehemu alikuwa kimya, kumbe alikuwa na yake."

Wakaondoka wakiwa karibu karibu, wananong'ona. Mimi nikavuka barabara nikanunua soda, nikainywa taratibu. Nakiri ilikuwa tamu.

Siku ya pili yake alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa koti la kazini, mikono kaipandisha, peke yake. Barabara ilikuwa imepoa. Alizitazama picha moja moja, kwa nafasi yake, kama mtu anayesalimia ndugu waliopangwa mstari. Kwa tembo alicheka chini kwa chini na kutikisa kichwa. Kisha akafika mwisho. Alisimama pale muda mrefu, mgongo wake umenyooka, halafu taratibu akaugeuza mkono wake na kuifunika saa kwa kiganja cha pili.

Nikavuka. Maneno yangu nilikuwa nayo tayari tangu msibani.

"Umejiona?"

"Nimejiona, shemeji," akasema. Hakugeuka. "Aliitengeneza lini?"

Hapo ndipo nilipopewa mlango. Ulikuwa wazi kabisa, ningepita bila hata kuinama.

"Karibu na mwisho," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Kwa hiyo ndivyo alivyoniona."

Akasogea karibu na kioo.

"Hakukosea. Nilimkalia kweli. Kila siku ikifika saa nane namgongea meza: dada, muda umefika, acha hiyo shuka, nenda hospitali. Alichukia. Aliniambia, wewe mama unanihesabia pumzi."

"Hospitali gani?"

"Si ile kliniki ya kifua." Sasa aligeuka. "Nilimwombea ruhusa ofisini. Wakubwa walinisumbua, ikabidi niwaambie kazi yake tutagawana sisi kwa sisi. Saa nane anaachiwa, awahi foleni. Ulikuwa hujui?"

Nilisikia sauti yangu ikisema, "Yeye alisema mashine mbovu."

Mama Saa akanitazama usoni, na nikaona kuna kitu anakipima kabla ya kukitoa.

"Siku moja alisahau mwavuli," akasema. "Nikaona nimpelekee nyumbani, nikadhani hata hajarudi, nitauacha tu. Kicheko nilikisikia tangu nje. Dirisha lenu lilikuwa wazi. Wewe umeinama na brashi, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Yeye amekupa mgongo, amejiziba macho, anakuuliza bado, bado. Nilinyanyua mkono nigonge." Akaunyanyua tena, pale pale mbele ya kioo, ngumi nusu. "Nikashindwa, shemeji. Sikuwahi kumwona vile. Mwavuli nikautundika kwenye komeo, nikarudi kazini."

Mwavuli ule niliukumbuka. Nilimuuliza mke wangu nani kautundika mlangoni, akasema kausahau hapo asubuhi.

"Kesho yake saa nane nikamgongea meza kama kawaida," Mama Saa akaendelea. "Na nilijua anakwenda wapi: kwako, si kwenye foleni. Kila siku nikagonga, na nikajua. Nilikuwa nikijiambia labda leo atakwenda kweli. Msibani ilipofika saa nane mkono uligeuka wenyewe, na nikaona wewe umeniona. Sasa leo naiona hii picha, nikasema, alaa, kumbe siku ile dirishani aliniona. Aliniona na akanyamaza mpaka alipopata pa kusemea."

Ningemwambia. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: ni mimi. Lakini nilifuta vumbi kwenye kioo kwa kiwiko.

"Usiitoe," akasema, akishusha mikono ya koti. "Iache. Asante, shemeji."

Akaondoka bila kutazama saa.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti changu, mezani. Baadhi ya picha hatukuzipeleka studio. Zilikuwa bado ukutani, na sasa sikuweza kuzitazama kama picha. Ile ya yeye kulala ndani ya kiatu changu ilikuwa foleni moja ya hospitali aliyoiacha. Ile ya nywele zilizogeuka moshi wa pasi ilikuwa foleni nyingine. Tembo peke yake alikula michana miwili, kwa sababu mimi nilichelewa kwenye mikunjo. Na nilichelewa makusudi. Nilipenda akiwa amekaa pale, shingo yake imenielekea, ananiuliza bado.

Nilijaribu kumkasirikia yeye, kwa uongo wake na umeme wake na shuka zake zisizoletwa. Hasira haikukaa. Nikajaribu daktari, nikajaribu ofisi iliyomsumbua Mama Saa kwa ruhusa. Hao bado nina yangu nao, sijawasamehe, na mvuke wao haukuwa dawa. Lakini kila nikifika kwao njia inapita mezani kwangu kwanza, na mezani nimekaa mimi, ulimi nje, namwambia mke wangu asubiri.

Asubuhi nilikwenda studio, nikamwambia binti aishushe ile ya mwisho. Aliishusha bila neno, akaiweka kifudifudi juu ya mashine.

"Hii si ya Mama," nikaanza.

"Najua, Baba."

"Unajua nini?"

"Mama alifuta kwa kidole. Kingo zake zilikuwa kama wingu. Wewe uliniagiza kona nne, kama kibao cha duka." Alikuwa anaongea huku anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Halafu Mama hakuwahi kumweka mtu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeanza kula tena."

Hakuna mkubwa yeyote aliyewahi kunipiga vile.

Nikamwomba ile picha ya furushi, safi, kabla ya kufutwa. Akataka kunipiga yeye picha yangu, nikakataa. Nyumbani nilipanga makopo, nikasimamisha simu, nikaitega, nikakimbia. Mara ya kwanza nilitoka mgongo. Mara ya pili nikatoka ukungu wenye viatu. Yule mwanamke alikuwa akifanya hivi na kicheko juu yake. Mimi nilihema kama nimefukuzwa na mbwa. Mwishowe nikakaa juu ya meza, miguu inaning'inia, nikaitazama kamera. Sikujua mikono huwekwa wapi.

Binti alinikata, akaniweka juu ya furushi, mgongoni kwa mama yake. Kabla hajachapisha nikamwomba simu. Nikaweka kidole ukutani nyuma yetu, juu kidogo ya bega langu, nikafuta taratibu. Kingo zikatoka mbovu mbovu.

"Mbona hapo?" akauliza.

"Hapo pana dirisha."

Ilipochapishwa nikajichorea tai. Tai ya wakubwa hasa, nyekundu, ndefu, inashuka toka shingoni, inapita kifuani kwa mke wangu, inafika chini, na ncha yake nikaiweka chini ya kiatu chake, kwamba ameikanyaga na yeye ndiye anayecheka. Hapo nilicheka mwenyewe, mara moja, nikashtuka kusikia sauti ile ndani ya nyumba. Lile tundu la dirisha sikuligusa.

Siku chache baadaye, kwenye lango la dobi, mlinzi aliniuliza kama nimeleta nguo. Nikamwambia nimeleta uso. Akaniona mgonjwa, akanipisha. Chumba cha pasi kilikuwa cheupe kwa mvuke, na wanawake wakanyamaza mmoja baada ya mwingine kadiri nilivyopita. Mama Saa alikuwa amesimama kwenye meza ya mke wangu, anapiga pasi. Zamu ile alikuwa anaishika yeye.

"Ile picha hakuitengeneza," nikasema, kabla moyo haujanirudi nyuma. "Niliifanya mimi. Wewe hakukuona dirishani, na kama alikuona hakuniambia. Hakusema neno baya juu yako. Mimi ndiye."

Aliisimamisha pasi wima. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini, wengine wasisikie.

"Umenilaza siku zote hizi na maneno ya maiti ambayo hakuyasema."

"Ndiyo."

"Nimekuwa nikimjibu, shemeji. Nafua, namjibu. Nalala, namjibu."

"Ndiyo, shemeji."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Sikujua kama ninaruhusiwa. Nikaifungua karatasi juu ya shuka ya mtu, nikaweka kopo dogo la rangi kando yake, na brashi ya herufi. Alinitazama nikiwa mle ndani na tai yangu, akamtazama rafiki yake anavyoikanyaga, na pembe ya mdomo wake ikataka kwenda mahali, akaizuia. Kisha akaliona tundu.

"Jaza," nikasema.

"Mimi sijui kuchora."

"Sitachungulia."

Nikavuta kindoo cha vibanio, nikakaa, nikampa mgongo. Mbele yangu ulikuwa ukuta tu, unatoka jasho. Nikaziba macho kwa viganja. Nyuma yangu pasi zilianza tena moja moja, kwa kusitasita. Nilisikia mkanda wa saa ukifunguliwa, na kitu kidogo cha chuma kikiwekwa mezani. Kisha nikangoja, muda mrefu kuliko ule wa tembo.

"Bado?" nikauliza.

"Bado," akasema.